Aliyekuwa Sauti ya Punda Mbishi

Ukishuka kutoka soko kuu la Nakuru ukielekea Bondeni, utaona veranda ya duka la kutengeneza redio na televisheni, na mbele yake benchi ambalo kwa kweli si benchi: ni ubao mrefu uliolazwa juu ya makasha mawili ya televisheni za zamani, zile za mbao, zenye milango kama kabati. Mwenye duka ni Jagdish, ila jina hilo liko kwenye leseni tu. Mtaa mzima humwita Fyuzi. Kwenye kona ya veranda yake Chelangat hufuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, krrr kwenda, krrr kurudi, na kwa kuwa alifundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, yeye ni Mwalimu. Saa nne Mzee Shabani huja na birika la shaba na jiko la makaa, humimina kahawa chungu yenye tangawizi, na maneno huanza. Januari ile ya 2008 ubao ulikaa mtupu wiki sita. Kura zilibishaniwa, mji ukawaka, watu wakakimbia, wengine hawakurudi. Ulipoanza kukaliwa tena, Mzee Shabani aliweka sheria moja: hapa hakuna kura, hakuna chama, hakuna nani alimwibia nani. Atakayeyataja hanywi.

Waliomlazimisha kuweka sheria hiyo ni wawili. Spika, yaani Ngigi, ni muuza magazeti mwenye umri wa miaka thelathini na sauti ya kipaza sauti cha kanisa. Wakili, yaani Kimaiyo, alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na saba. Hakuwahi kusoma faili hata moja aliyoibeba, lakini huongea kama aliyeziandika zote. Zamani walikaa bega kwa bega. Tangu Januari kila mmoja alikaa kwenye ncha yake ya ubao, na Fyuzi katikati yao kama ua wa mpaka.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, Spika alikuja mbio, gazeti wazi kifuani kama ngao.

Spika: Wasee, simameni! Ile kipindi ya Njoo Tuhesabu inarudi kwa TV!

Fyuzi: Gani? Ile ya punda?

Spika: Punda Mbishi mwenyewe! Imeandikwa hapa, ukurasa wa kumi na nne. Miaka ishirini, buda!

Mzee Shabani: Mimi sikuwa na televisheni. Huyo punda alikuwa anafanya nini?

Spika: Haki Mzee, ulikosa maisha. Sikia. Kuna mwalimu anaitwa Bwana Jumla. Anamwaga machungwa kwa meza, anasema, "Watoto, haya ni machungwa saba." Na wewe pale chini unaona ni tisa! Unauma vidole. Halafu punda wa kitambaa anatoa kichwa nyuma ya meza, meno yote nje: "Sikubali mpaka nihesabu mwenyewe!" Anahesabu moja moja, na sisi na yeye. Watoto wa ploti nzima tumejazana kwa jirani, tunapiga nduru. Mimi hesabu nilifunzwa na punda, si uongo.

Akajaribu kulia kama punda. Ikatoka kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Mashine ya Chelangat ilikwama katikati ya safu. Aliinama akajifanya anatafuta uzi uliokatika. Hakukuwa na uzi uliokatika. Mfukoni mwa aproni yake mlikuwa na barua iliyofika tangu Jumanne, na alikuwa ameisoma mara nyingi hata mikunjo ikaanza kuchanika.

Mzee Shabani: Kama ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini iliisha?

Kosa. Ukitaka kahawa ya watu hao ipoe, waulize kwa nini.

Spika: Iliisha sababu ya unga. Kampuni moja ilitaka punda atangaze pakiti ya kilo mbili. Punda akasema hakubali mpaka aipime. Wakaipima. Si mnajua wenyewe! Mtu asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na punda.

Wakili: Wacha hizo. Kwa mujibu wa ninavyojua mimi, sauti ya yule punda ilikuwa ya mwanajeshi, mpiga tarumbeta, mtu wa huko Gilgil. Na zile hesabu zilikuwa ishara. Punda akiruka nne akaenda tano, kuna wanajeshi mahali fulani wanavaa buti za mapinduzi. Serikali ikashtuka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mzee Shabani: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Wakili: Imeingia kisheria.

Fyuzi: Nyinyi wote mnaongea kama watu wamesimama nje ya duka. Mimi nilikuwa ndani. Themanini na saba, Jumamosi, mama mmoja wa mtaa wa Section 58 ameniletea TV imekufa. Nimeifungua hapo mezani. Hakuna fyuzi, hakuna waya kwa ukuta, na tyubu ya picha nimetoa. Saa kumi na nusu inafika, punda anahesabu! Mpaka kumi na nne! Kamla, mke wangu, alisikia, muulizeni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini umeme unazoleka.

Spika: Kwa hivyo hakukuwa na mtu ndani?

Fyuzi: Mtu gani? Nakwambia tyubu ilikuwa mkononi mwangu!

Wakili: Mtu alikuwepo, na walimmaliza. Walimtupa Menengai, kwenye kreta. Nenda pale alfajiri ukungu ukiwa chini. Utasikia mwanamume anahesabu. Akifika tisa ananyamaza, sababu walimsukuma kwa tisa.

Spika: Noma! Na huyo mwanamume aliitwa nani?

Chelangat: Hakuwa mwanamume.

Wote wakageuka. Mwalimu hakuwa na desturi ya kuingilia mambo ya ubao. Miaka minne amekaa pale, neno lake kubwa lilikuwa "mtoto ana kifua kipana au chembamba?"

Wakili: Mwalimu, kwa heshima zote, ile sauti ilikuwa nzito kama lori linapanda mlima. Ya mwanamke itatoka wapi?

Chelangat alitaka kumwambia anyamaze. Badala yake akavuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo, mahali ambapo hakuwa amepagusa kwa miaka ishirini, na kwa muda mfupi akaogopa kwamba hatapata kitu humo. Akapata.

Sauti ilitoka pana, nzito, ya puani, yenye mkwaruzo mwishoni, nayo ikajaza veranda: haikubali, haikubali hata kidogo, mpaka ihesabu yenyewe! Kisha ikavihesabu vikombe vya Mzee Shabani kimoja kimoja, na kwa kila namba mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita alipunguza mwendo, hata akasimama kabisa.

Kikombe cha Spika kilipinduka juu ya gazeti lake. Hakukiinua. Alimtazama Chelangat kama mtoto aliyepotea sokoni akasikia anaitwa.

Spika: Ni wewe?

Chelangat: Ni mimi.

Spika: Miaka yote hii umekaa hapa unafuma sweta, ukitusikia?

Chelangat: Nilikuwa nafurahia uongo wenu. Ulikuwa mzuri kuliko ukweli.

Fyuzi: Basi tupe ukweli, Mwalimu. Mzee Shabani, mjazie.

Akawapa, mikono juu ya mashine. Alikuwa mwalimu hapa hapa Nakuru. Mtu mmoja wa studio alimsikia akiigiza wanyama kwenye tamasha la shule, akamwita Nairobi, na kwa miaka minne kila Ijumaa jioni alipanda gari, akarekodi Jumamosi, akarudi Jumapili kusahihisha madaftari. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye skrini. Alikaa chini ya meza, mkono juu, shingo imepinda, naye Bwana Jumla akapata barua za watoto kwa magunia.

Chelangat: Halafu ukaja mwaka wa mlolongo. Wewe Spika ulikuwa mdogo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Watu walipanga foleni nyuma ya mtu wao, mchana kweupe, foleni ikahesabiwa. Nilipanga kwetu nyumbani. Foleni yetu ilizunguka uwanja ikatoka langoni. Ile ingine ilikuwa watu ungewatosheza kwa chai ya birika moja. Na ile fupi ikatangazwa imeshinda.

Mzee Shabani alikohoa. Sheria yake ilikuwa imeguswa. Lakini hakulifunika birika.

Chelangat: Wiki hiyo nikaandika kipindi. Watoto wanapanga foleni mbili, wa ndizi na wa maembe. Bwana Jumla anasema ile fupi ndiyo ndefu. Na punda anatoka.

Wakili: Mama yangu! Kwa bahati mbaya ikaonyeshwa wakati mbaya.

Chelangat: Bahati mbaya gani, Kimaiyo? Si nimekwambia niliandika? Nilijua ninachoandika. Bwana Jumla alijua, jasho likamtoka, akasoma. Kikaonyeshwa mara moja tu.

Spika: Wakakuja na Landrover usiku?

Chelangat: Hakuna aliyekuja. Ilikuja barua, mistari miwili. Kipindi kimesimamishwa, na mimi nimehamishiwa Ndabibi, shule ambayo ubao wake ulikuwa ukuta uliopakwa masizi. Nikaambiwa nikiulizwa niseme koo langu liliharibika. Nikasema hivyo. Nilisema mara nyingi mpaka nikaanza kuvaa skafu.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko kreta ya Menengai, na kwa sababu hiyo uliuma zaidi: hakuna aliyesukumwa, palikuwa na mwanamke mwenye skafu tu, huko Ndabibi, akifundisha kwa sauti ya kawaida.

Kisha Chelangat akaitoa barua mfukoni mwa aproni.

Chelangat: Sasa wananitaka. Gazeti lako ni kweli. Wanataka sauti ile ile, na safari hii jina litaandikwa. Lakini wamebadilisha neno moja. Wanasema nchi imetoka kwenye vita vya hesabu na haitaki kukumbushwa. Kwa hivyo Bwana Jumla mpya akisema ni saba, punda atoe kichwa, acheke, aseme, "Nimekubali!" Watoto wapige makofi.

Fyuzi alitazama kushoto, akatazama kulia. Ule ua wa mpaka ulihisi upepo unakuja.

Wakili: Usikubali! Mwalimu, usikubali hata siku moja! Punda aseme vile alisema, tena kwa nguvu, nchi nzima isikie! Kuna watu walihesabiwa na hawakuhesabiwa!

Spika: Ndio hiyo sasa! Mwalimu, umesikia? Punda akifungua mdomo tu, kuna watu watasema ni wao anasemea. Watu wetu wataona TV inawachokoza. Sema "nimekubali", chukua kazi. Jina lako kwa skrini!

Wakili: Watu wenu?

Spika: Eeh, wetu! Ama unataka nitaje walikufa wangapi?

Wakili: Taja! Na mimi nitataja wangu!

Walikuwa wamesimama wote wawili. Fyuzi alikuwa ameweka mikono vifuani mwao, na mikono hiyo ya miaka sitini na tano haikuwa na nguvu ya kuzuia mlango. Mzee Shabani akashika kifuniko cha birika.

Chelangat: Kaeni chini! Mwaka ule foleni iliyoibiwa ilikuwa na wajomba zenu wote wawili. Punda hakuuliza ndizi ni za nani na maembe ni ya nani. Mkimvisha shati la chama, si punda wangu tena.

Wakakaa, lakini kwa hasira, kila mtu akitazama barabara yake. Naye Chelangat hakuwa ametulia kama sauti yake. Alilitaka lile jina kwenye skrini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na hakuna mtu hata mmoja, mbali na watu wa studio na hawa wa leo, aliyejua alichokifanya kwa mkono wake wa kulia.

Hapo ndipo mwanamke mmoja kijana alipopanda ngazi ya veranda. Alikuwa amevaa koti la kiume la msaada, mikono imekunjwa mara tatu, na alikuwa amesimama kando muda wa kutosha kusikia, kwa sababu alianza kwa kuomba radhi.

Mwanamke: Hamjambo. Samahani, sikutaka kuwakatiza. Natafuta sweta ya kijivu, ya mtoto wa darasa la pili. Naitwa Nyakio, niko kempi ya waliofukuzwa makwao, pale shoo ground. Tumefunguliwa shule kwa hema.

Chelangat: Karibu. Kaa hapo.

Nyakio: Nimesikia hiyo ya punda. Sisi kwetu Kuresoi hatukuwa na TV, kwa hivyo sijui sana. Nauliza tu. Kama punda anakubali kabla hajahesabu, mtoto anafunzwa nini?

Hakuwa na ubishi sautini. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Wakili akanyoosha ukosi wa shati lake. Spika akatazama gazeti lake lililolowa. Fyuzi, aliyesikia televisheni isiyo na tyubu ikihesabu mpaka kumi na nne, akajikuna kichwa.

Chelangat aliinyoosha barua juu ya mashine. Alichukua simu yake, akapiga namba iliyokuwa chini ya barua, akaiweka sauti ya juu wote wasikie. Kijana wa studio akapokea kwa furaha nyingi.

Kijana: Mwalimu! Tunakungoja wewe tu. Umesaini?

Chelangat: Kuna swali hapa, si langu. Punda akikubali kabla ya kuhesabu, mtoto anafunzwa nini?

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa.

Kijana: Mwalimu, ni neno moja tu.

Chelangat: Kama ni neno moja tu, liacheni lilivyokuwa.

Kijana: Mimi ningeliacha. Wakubwa hawataki. Wamesema ukikataa tutafute sauti ingine.

Chelangat: Tafuteni. Lakini mwambie huyo mtakayempata, miaka ishirini iliyopita mliniambia niseme koo langu limeharibika, na nikawaficha. Leo nitamwambia kila anayeniuliza: koo langu ni zima, na nimekataa.

Akakata simu. Alitazama barua, akaikunja kwenye mikunjo yake, akaiingiza chini ya mguu wa mashine uliokuwa ukiyumba. Hakulia, ingawa alidhani angelia.

Mzee Shabani akainamisha birika juu ya kikombe cha Chelangat. Yakatoka matone matatu na machicha.

Mzee Shabani: Kahawa imeisha.

Hakuna aliyeinuka.

Chelangat: Nyakio, hema lenu lina watoto wangapi?

Nyakio: Mia na kitu. Walimu ni wawili.

Chelangat: Jumatatu nije?

Nyakio: Na punda?

Chelangat: Na punda. Nina uzi wa kijivu na nina mashine. Na Bwana Jumla nitamtafuta, mtu wa kusema hesabu za uongo bila kupepesa macho.

Fyuzi: Tuko naye hapa. Miaka ishirini na saba mahakamani.

Hata Spika alicheka, kidogo, kabla hajajizuia. Wakili hakucheka. Alikuwa akimtazama Nyakio, na Nyakio alikuwa akimtazama Chelangat kwa namna mpya, kama mtu aliyekumbuka kuuliza jambo.

Nyakio: Mwalimu, hujaniambia jina.

Mwaka ule Nakuru, jina la mtu lilisomwa kama kitambulisho: linatoka mlima gani, lilimpigia nani kura, watu wake walichoma nini au walichomewa nini.

Chelangat: Chelangat.

Nyakio akainama, akakunja tena mkono wa koti ambao haukuwa umekunjuka. Nyumba yake Kuresoi ilikuwa imechomwa na watu wenye majina kama hilo.

Nyakio: Kuna watu pale hawatapenda.

Spika: Mwalimu, unaweza kukaa nyuma ya meza. Tutafunika na shuka mpaka chini. Watoto wataona punda tu, hakuna haja ya kujua nani yuko ndani.

Alisema kwa wema, na Chelangat alimwonea huruma kwa wema huo.

Chelangat: Nilikaa chini ya meza miaka minne, Ngigi. Shingo yangu bado inauma kukiwa na baridi. Jumatatu nitasimama. Wasiponitaka waniambie machoni, nitarudi nyumbani. Lakini sijifichi tena.

Nyakio aliuacha mkono wa koti, akamtazama machoni.

Nyakio: Lango la chini. Saa mbili. Nitakuwa hapo mimi mwenyewe.

Jumatatu kulikuwa na manyunyu. Walikwenda kwa miguu: Chelangat na kikapu, Wakili na tai aliyoivaa siku ya kustaafu, na Spika, ambaye hakuwa ameitwa na mtu. Alikuwa ameacha magazeti kwa Fyuzi, akatembea upande mmoja wa barabara na Wakili, hatua moja mbele yake, na walipokaribia lango lenye vijana wengi wa kwao, akaushika mkono wa koti la Wakili, hakuuachilia. Hawakuongea. Nyakio alikuwa pale, na binti yake ndani ya sweta ya kijivu yenye mikono mirefu kidogo, ya kukulia.

Kijana wa langoni alikuwa na daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Akawatazama mmoja mmoja.

"Jina?" akamuuliza Chelangat.

Nyuma ya kijana huyo wenzake waliokuwa wakiota moto wakageuka. Chelangat akalitaja, lake na la babake, kwa sauti ya darasani. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Kijana akamtazama Nyakio, na Nyakio hakuondoa macho yake usoni mwa kijana. Akamtazama tena Chelangat.

"Linaandikwaje?"

Chelangat akaweka kikapu chini, akainama juu ya daftari, akamwelekeza herufi moja moja mpaka jina likaisha.